Zimwi la Kawarabashi Latoka Kutembea na Bi Ubani

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye meno na kwa waliokwisha kung'olewa, ya kwamba bwana Iwao Kuramochi, mtengenezaji wa tofu, ile jibini ya soya, mwenye pua iliyovunjwa mara nyingi kuliko ahadi za wagombea udiwani, Zimwi Rasmi la mtaa wa maduka wa Kawarabashi tangu ujana wake, alitoka nyumbani siku ya tatu ya mwezi wa pili, mchana kweupe, nywele zimechanwa, kwenda kutembea na mwanamke. Si kupigana naye. Kutembea tu, polepole, wakila vitu vidogo vidogo njiani.

Mtaa ulipozipata habari hizo ulishtuka kama ulioambiwa kuku amempeleka mwewe mshenga.

Haikuwa bure. Kawarabashi ni mtaa wa adabu. Ukimkanyaga mtu pale, aliyekanyagwa ndiye anayeomba radhi. Mteja akirudisha samaki aliyekwisha kumla nusu, Bwana Samaki, muuza samaki wa mtaa, huinama mpaka paji la uso linagusa barafu, akashukuru kwa kusahihishwa. Mama mkwe akisema supu ya mkwewe inanuka maji ya mfereji, mkwe huinama. Mwenye duka akiongezewa kodi huinama zaidi. Na kwa kuwa mwanadamu si unyasi wa kuinamishwa tu na upepo, hasira zote hizo hukandamizwa tumboni kama achari mtungini, jiwe juu yake, mwaka mzima. Halafu inafika Siku ya Soya, na jiwe linaondolewa.

Mitaa mingine siku hiyo hufanya mchezo wa watoto. Karani fulani huvaa kinyago cha karatasi chenye pembe, anakimbia kidogo, watoto wanamrushia soya zilizokaangwa huku wakipiga kelele, "Mazimwi nje! Heri ndani!", kisha kila mtu anakwenda kunywa chai. Kawarabashi nako walianza hivyo hivyo. Kisha mtu mmoja akarusha soya zikiwa bado ndani ya kibaba chake cha mbao. Mwaka uliofuata akatokea mtu na ufagio. Baada ya ufagio akaja aliye na ubao wa kufulia, na baada ya huyo Bwana Samaki akaja amemshika mkiani samaki mzima aliyegandishwa, mgumu kama mchi, akauliza kwa upole kama kuna mtu atakayekereka. Hakukuwa na mtu.

Zimwi la namna hiyo haliwezi kuwa karani. Ndiyo sababu walimchagua Iwao.

Alizaliwa nyuma ya duka la tofu, kati ya pipa na pipa. Baba yake alimlea kwa upawa, si kwa kumlisha bali kwa kumchapa nao. Shuleni alimvunja taya mtoto wa muuza mwani kwa sababu alimwita "bonge la tofu", kisha akamvunja na kaka yake aliyekuja kuuliza kisa. Asidhani mtu kwamba sasa ataambiwa jinsi jitu hili lilivyokuwa na moyo laini ndani. Ndani alikuwa vile vile alivyokuwa nje. Aliamka gizani, akatia mikono katika maji ya barafu, akakamua, akakandamiza, akakata vipande sawasawa, akauza, akainama. Alifanya kazi hiyo vizuri na hakuipenda hata chembe. Alichokipenda ni siku moja tu ya mwaka, siku aliyovaa kile kinyago chekundu, akashika rungu la mwaloni, akasimama chini ya lango la stesheni na mtaa mzima ukamjia kwa mifagio.

Kanuni iliruhusu zimwi lijibu, ila chini ya shingo tu. Iwao alijibu. Mwaka mmoja alimvunja Bwana Samaki mtulinga, na kesho yake Bwana Samaki alimletea maua na mkono ukiwa kwenye kitambaa. "Mwaka mzima nilikuwa nimebanwa kifua," alisema. "Asante sana, nimepumua." Iwao mwenyewe alipoteza meno mawili ya mbele, ncha ya kidole cha shahada, na sikio la kushoto halikusikia tena ila mvumo kama wa nyuki. Hakulalamika. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakusema lolote kuhusu watu wanaolijua zimwi.

Lakini kanuni ilikuwa na tawi la pili. Mwisho wa kipigo, zimwi husukumwa mpaka lango la hekalu, hutupwa nje, lango hufungwa, nalo hulala huko mpaka alfajiri pamoja na mikosi yote ya mtaa. Sasa, mikosi ikiwa na mke nyumbani anayesema, "Karibu mume wangu, maji ya kuoga yamechemka," si itarudi naye kabla ya saa ya chakula? Kwa hiyo zimwi lisiwe na mke ndani ya mtaa. Iwao alikuwa amekaribia miaka hamsini na moja, na kitanda chake kilikuwa na mto mmoja.

Hapo ndipo alipoingia Bi Hisae Yunoki, mjane, mwenye duka la ubani na madhabahu madogo ya kuwekea picha za marehemu. Mtaani wanamwita Bi Ubani, kama wanavyomwita Iwao Bwana Tofu. Kule jina la mtu ni bidhaa yake. Kila jioni alinunua nusu kipande cha tofu. Majani yalipoanza kupukutika alianza kununua kipande kizima, na mtaa mzima uliona. Kisha, katikati ya mwezi wa kwanza, aliuliza huku akipokea bakuli lake:

"Bwana Tofu, tarehe tatu una shughuli?"

"Napigwa."

"Na baada ya kupigwa?"

"Napona."

"Mwaka huu usipigwe," Bi Hisae alisema. "Tutembee. Kuanzia lango la stesheni mpaka lango la hekalu. Taratibu, tule katlesi."

Iwao alisimama na maji yakimdondoka viwikoni. Kawarabashi, mwanamume na mwanamke wakiutembea mtaa wote, lango kwa lango, mbele za watu, hawahitaji tena kadi za mwaliko. Ni ndoa hiyo, yaliyobaki ni kuchagua mapazia.

"Ila sikiliza," mjane akaongeza. "Nimemzika mume mmoja na nimewauzia ubani waliozika mia. Sitaki mtu anayegongwa kila mwaka kama msumari. Siku hiyo ukimgusa mtu hata kwa ukucha, nageuka, narudi dukani, na tofu nitanunua supamaketi."

"Ya supamaketi ina maji," Iwao alisema, na kwa namna yake hiyo ilikuwa ndiyo.

*

Siku ilipofika, Bi Hisae alikuja na mtandio wa kijivu na viatu vya kutembelea. Iwao alivaa koti la baba yake marehemu, ambalo lilimbana mabegani hata akawa anatembea kama mtu aliyebeba jokofu. Juu ya milango yote walikuwa wamechomeka vichwa vya dagaa kwenye vijiti vya miiba, vya kufukuzia mazimwi, na kwa mazoea ya miaka Iwao alianza kuvikwepa.

"Nyoosha shingo," Bi Hisae alisema. "Leo wewe ni mtu."

Bwana Samaki, mwenyekiti wa umoja wa wenye maduka, alikuwa wa kwanza kuwatokea, kipaza sauti kimemning'inia kifuani. Aliinama sana, chini kuliko kawaida, dalili mbaya.

"Bwana Tofu! Umependeza leo. Mtu asiyekujua angedhani umekufa na ndugu wamekuvisha."

"Akifa ataagiza kwangu," Bi Hisae akajibu, naye ameinama. "Na wewe, mwenyekiti, madhabahu yako nimeshayafuta vumbi. Ukubwa nimeukadiria kwa macho."

Watu walicheka viganjani. Bwana Samaki alicheka pia, ila jicho moja halikucheka.

Walipofika penye duka la mchele, Bi Mchele mwenyewe alikuwa kibarazani akipima soya. Bi Mchele ni ajuza mfupi, mgongo umepinda kwa umri, mikono haijapinda.

"Mwaka huu tumepata zimwi jipya," alisema. "Mkwe wangu Masuo amejitolea."

"Masuo?" Iwao aliuliza. "Yule anayetokwa damu ya pua akibeba mfuko wa kilo tano?"

"Amejitolea kwa hiari."

"Hiari ya nani?" akauliza Bi Hisae.

"Yangu," akasema Bi Mchele, akazungusha kibaba.

Wakaendelea. Mtaa ulikuwa umekubaliana bila kukutana: miguu ya wapenzi hawa isifike hekaluni. Ilianza soya moja, ikamgonga Iwao kisogoni. "Samahani sana!" ilisema sauti ya upole. Ikafuata konzi ya soya. Kikafuata kichwa cha dagaa kikaingia ndani ya kola na kuteremka polepole mgongoni. "Ah, samahani kweli kweli!" Mbele ya duka la vikombe mpini wa ufagio ulimpiga kwenye figo kwa nguvu ya kumwangusha punda, na mwenye ufagio akainama hata kofia ikaanguka. "Nilikuwa nafagia, Bwana Tofu. Nisamehe bure."

"Hakuna neno," Iwao alisema, ameuma meno.

"Unatetemeka," Bi Hisae alimwambia.

"Baridi."

"Mbona una jasho?"

"Ni baridi ya aina hiyo."

Walinunua katlesi za viazi kwa mchinjaji, zikiwa bado zinachoma vidole. Wakala wakitembea. Bi Hisae alimwonyesha dirisha la duka la vitambaa, akasema rangi ile ya bluu ingefaa kwa pazia, na Iwao akajikuta anaitazama kweli, na katlesi ilikuwa tamu, na mkono wa mjane ukaingia kwapani mwake kana kwamba siku zote mahali pake ni pale. Akajiuliza kama hiki ndicho kitu ambacho watu hukaa wanakizungumzia. Kilikuwa kizuri. Kilifanana kidogo na ile nusu dakika baada ya kupigwa kichwani, kabla maumivu hayajafika.

Ndipo ngoma ikalia kwenye lango la stesheni, nyuma yao. Zimwi jipya lilikuwa limetolewa.

"Tusigeuke," Bi Hisae alisema. "Twende tukale mkunjo wetu."

Kibanda cha mikunjo kilikuwa nusu ya njia. Kila mwaka siku hiyo watu hununua mkunjo mzima wa wali uliofungwa kwa mwani, mnene kama kifundo cha mkono, haukatwi. Mtu huelekea upande wa heri wa mwaka ule, hunuia moyoni, kisha hula mpaka mwisho bila kugeuka na bila kusema neno. Ukisema, nuio limekufa. Ukigeuka, heri imekupita mgongoni. Mwaka ule, kwa bahati, upande wa heri ulikuwa kule kule lilikosimama lango la hekalu. Wawili hawa wakasimama bega kwa bega, macho mbele, wakafungua vinywa, wakanuia. Kila mmoja alijua alichonuia mwenzake, na hilo lilimfanya Iwao aume kipande kikubwa mno.

Akaanza kutafuna, na nyuma yake mtaa ukaanza kupiga.

Sikio la kulia lilitosha. Iwao alivijua vyombo vyote kama mpishi anavyojua vyungu vyake. Ule mchapo mkavu ni fagio la mianzi, na ule mlio bapa, ubao wa kufulia, mbavuni, upande wa kushoto. Kitu kizito kilitua kwenye paja: huyo ni Bwana Samaki, lakini mbona anampiga mtu aliyekwisha kuanguka? Akatafuna. Masuo alikuwa hajibu hata pigo moja. Rungu la mwaloni lilisikika likianguka chini na kubingirika. Mtu akipiga na asipigwe, hasira haipungui, inapata nafasi. Na mifagio ilianza kwenda mbio, bila zamu, bila pumzi, mmoja juu ya mwingine kama wanaotwanga.

"Mama!" Masuo alilia chini ya kinyago. "Mama mkwe! Inatosha! Kidole changu! Kidole!"

"Sikieni anavyolia!" mtu akapaza sauti kwa furaha. "Anajua kuigiza huyu!"

"Afadhali yeye! Bwana Tofu alikuwa ananguruma tu, hana hisia!"

Iwao aliacha kutafuna.

Bi Hisae, shavu limejaa wali, alimtazama kwa kona ya jicho, akatikisa kichwa kidogo sana: usigeuke. Iwao akajilazimisha. Taya likaenda juu, likarudi chini. Nyuma yao kitu kilivunjika kwa mlio mdogo, kama kijiti cha kulia chakula, na kilio cha Masuo kikabadilika, kikawa chembamba. Watu wakapiga makofi. "Simama, zimwi! Hata nusu ya njia hujafika!" Bi Mchele alikuwa anampiga kwa kibaba cha mbao, na kila pigo lilikuwa na maelezo yake: "Hili la chai uliyomwaga! Hili la redio! Hili la kukohoa usiku kucha!" Damu ilikuwa imetoka kwenye matundu ya macho ya kinyago, na waliokuwa mbele walidhani ni rangi, wakasifu rangi.

Iwao aliutazama mkunjo wake. Nusu ilikuwa imebaki, na lango la hekalu lilionekana kabisa, halina hata umbali wa kuimaliza sigara moja. Nyumba yenye mito miwili ilikuwa nyuma ya wali ule.

Akauweka mkunjo katika mkono wa kushoto wa Bi Hisae. Akageuka.

"NYIE!" akanguruma, na wali ukaruka.

Kisha koti la baba yake likapasuka mgongoni, nalo jitu likawa limeingia ndani ya mifagio. Mwenye ubao wa kufulia alinyanyuliwa na kutupwa juu ya vikombe vya bei ya punguzo. Mwuza dawa, aliyekuja kwa nia ya kutazama tu, alipigwa kiwiko tumboni akakaa chini kama aliyekumbuka jambo. Bwana Samaki alizungusha samaki wake kwa mikono miwili, akampata Iwao shavuni. Jino lilitoka, Iwao akamnyang'anya samaki, akamrudishia pigo lake usoni, juu kabisa ya shingo. Pua ya mwenyekiti ikalala upande.

"Juu ya shingo!" mtu akapiga kelele. "Amevunja kanuni!"

"Amevunja pua!" Bwana Samaki akajibu kwa sauti iliyopita mdomoni peke yake, na kulikuwa na kitu kama shukrani ndani yake.

Iwao alimwinamia Masuo. Kijana wa watu alikuwa amejikunja kama kamba wa kuchemshwa, kidole kimoja kinatazama pasipotazamwa. Akamvua kinyago, mkanda ukakatika. Akakibandika usoni mwake kwa damu iliyokuwamo, akamsukuma Masuo kwa mguu chini ya meza ya vikombe. Halafu akasimama wima na kutanua mikono.

"Haya," alisema. "Anayefuata."

Mtaa ulitoa sauti ambayo haijapata kusikika hapo, kitu kati ya kilio na kicheko cha arusi. "Ndiye huyo! Ndiye mwenyewe!" Wakamjia wote. Ufagio ukamvunjikia mgongoni ukawa fimbo mbili. Alipigwa kwa sufuria, kwa mwavuli, kwa kiatu cha mbao, kwa figili iliyogawanyika juu ya utosi wake. Akapiga kwa ngumi, kwa paja, kwa kichwa. Mbavu zake mbili ziliachana, akazisikia. Akamshika yule mtoto wa muuza mwani, mtu mzima sasa, mwenye taya la zamani, akamtuma kichwa mbele ndani ya kapu la magunia. Mtaa ukasonga naye, hatua kwa hatua, kumsukuma kuelekea hekaluni, na nyuma yao njia ilikuwa na soya, meno, magamba ya samaki na mate mekundu.

Na pembeni, kwa mwendo ule ule wa matembezi, alikuwa anakwenda Bi Hisae.

Alikuwa hajageuka. Angegeukaje? Mkunjo wake ulikuwa haujaisha, uso umeelekea heri. Kama alivyosema, mtu akiguswa, atageuka arudi. Lakini anayekula hageuki. Basi alikula. Alikula kipande kidogo mno, akatafuna kama ng'ombe mwenye mawazo, akakwepa mtu aliyeruka mbele yake, akauma kingine. Mwanamke yule hakuwahi kula polepole hivyo, wala kabla ya siku ile wala baadaye. Alipomaliza wa kwake alianza nusu ya Iwao.

Walipofika karibu na lango, Bi Mchele alipita chini ya mikono ya watu, akajaza kibaba, akavurumisha soya zote kwa nguvu zake za miaka themanini na kitu. Iwao aliinama. Soya zikampiga Bi Hisae usoni, paa! kama mvua ya mawe juu ya bati. Mdomo ukachanika pembeni, damu ikateremka kidevuni.

Mifagio ikasimama hewani.

Maana kila mtu alijua: ngoma ikishalia, soya ya siku ile haiombewi radhi. Aliyepigwa nayo ndiye zimwi, awe nani. Bi Mchele akafunika mdomo. Bi Hisae alitafuna. Akameza. Akatia kinywani kipande cha mwisho, akakitafuna nacho mpaka kikaisha, mtaa wote ukimtazama koo. Kisha akapangusa damu kwa ncha ya mtandio.

"Mmeniona," alisema. "Mashahidi mko wengi."

Akapita katikati yao, watu wakimpisha, akatoka mwenyewe nje ya lango la hekalu na kusimama kwenye kokoto, akingoja. Iwao alitupwa nyuma yake muda mfupi baadaye na watu wanane, akatua kwa bega. Lango la mbao likafungwa, komeo likaingia. "Mazimwi nje!" walipaza. "Heri ndani!" Lakini sauti ilififia kabla ya kwisha, na macho yakajipanga kwenye nafasi za mbao.

"Mwenyekiti," mtu alinong'ona ndani. "Wameutembea mtaa lango kwa lango. Zimwi si haliruhusiwi kuwa na mke?"

"Kanuni inasema lisiwe na mke ndani ya mtaa," Bwana Samaki alisema, pamba imejaa puani.

"Mke mwenyewe yuko nje."

"Ndiyo nawaza hivyo hivyo. Mke wa nje kanuni haikumtaja."

"Na yeye ni zimwi, nimempiga mimi kwa mkono wangu," akasema Bi Mchele, fahari ikimrudia. "Basi wako wawili. Mwakani tutapata wawili wa kupiga."

"Mwakani mtaniona," Bi Hisae alijibu kutoka nje. "Nina vinara vya shaba dukani, kila kimoja kilo mbili."

Mtaa ukashangilia. Masuo, kidole kimefungwa kwa kijiti cha kulia chakula, aliletwa mbele amebebwa juu juu, akilia kwa shukrani. Bwana Samaki akawasha kipaza sauti, akakohoa ndani yake.

"Ndugu zangu! Leo tumeona jambo. Mtu alikuwa na heri yake mkononi, imebaki nusu. Akaiacha! Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mnyonge anayepigwa. Miaka yote tulidhani ndani ya kinyago kile mna zimwi, kumbe mna…"

"Hebu nyamaza kwanza, Bwana Samaki," Bi Hisae alisema. "Nataka nisikie kwake."

Alichuchumaa kwenye kokoto, akambandua Iwao kinyago. Uso wa chini yake haukuwa na tofauti kubwa.

"Nilikwambia ukimgusa mtu narudi dukani," alisema. "Umewagusa wote, na mimi sijarudi. Basi nina haki ya kuuliza. Mkunjo wetu uliuacha, na nuio letu humo ndani. Ulimwonea huruma Masuo?"

Kipaza sauti kilipenyezwa kati ya mbao. Mtaa wote ulizuia pumzi, hata waliovunjika mbavu. Iwao aliupitisha ulimi kwenye pengo jipya, akatema, akafikiri.

"Hapana," alisema. "Nilimwonea wivu."